Shimo la Balosha

Halikuwa na jina. Tuliliita Shimo,
tukalizungushia miiba mbuzi wasitumbukie.
Akatumbukia Balosha, mwenye baka jeupe usoni,
mwaka ule nilipovunjika mkono. Kengele yake
ikagonga, ikagonga, ikagonga mbali,
kisha mlima ukafumba mdomo.

Wageni walitoka Nyuzilandi, ambako Julai ni baridi,
wakapanda na nyumbu saba wa Gjeto.
Kamba nyingi kuliko mikate.
Walizikunjua jikoni kwangu, pima baada ya pima,
wakipapasa kila unyuzi
kama mama atafutaye chawa.

"Mrika, shimo hili kina chake?" akauliza Hollis.
Baba, nikamwambia, aliangusha jiwe
akaanza kusali Baba Yetu.
Alikuwa amefika kwenye mkate wa kila siku
jiwe lilipojibu.
Hakucheka. Aliandika daftarini.

Siku ya nne wakanikabidhi simu ya waya
nikae ukingoni, nipokee tarakimu.
Tarakimu zao nazijua, nimewauzia watalii jibini.
Ngaire alishuka wa kwanza, taa yake ikawa nyota,
ikawa punje, ikawa kumbukumbu.
Mia moja: theluji ya zamani, imeota ukungu.
Mia mbili themanini: maji yananimwagikia shingoni.
Mia nne: pembamba hapa. Natoa pumzi yote ndipo nipite.
Nami juu, juani,
nikatoa pumzi yote.

Halafu kimya. Wingu likaja toka magharibi,
likanyesha bila kubisha hodi.
Maji hufuata mkondo, na mkondoni
ndimo walimokuwa.
Rewi alichemsha chai, akaimwaga, akachemsha nyingine.
Mimi nilikuwa nafuma soksi;
soksi moja ikapata visigino viwili.

Usiku wa manane waya ukakohoa:
Mia sita kumi na mbili. Ziwa. Njia imekwisha.

Akatoka alfajiri, kope zimeshikana kwa tope,
vidole vimekataa kufungua viatu. Nikamfungulia.
Kengele hakuiona. Ila huko chini
alimwaga rangi ziwani, kopo zima la kijani,
ili ajue maji yale yanatokea wapi.

Siku tatu, hakuna kitu.
Ya nne akapanda Lulash kutoka bondeni,
Lulash ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya mfereji,
chupa mkononi, kijani kuliko nyasi za Mei,
akipayuka kwamba tumemtilia sumu chemchemini.

Nikaitazama chupa.
Kumbe huko.
Miaka kumi na tisa: kahawa yake, supu yake,
hata maji ya kubatizia wajukuu.

Nikamvutia kiti. Hollis akamweleza, kwa mikono,
kwamba rangi haidhuru, kesho itakuwa imepita.
Nikammiminia kikombe, kwa maji ya kwangu.
Habari za Balosha
sikumwambia.