Swali la Sita

Saa kumi na moja alfajiri, Kuopio, Januari.
Ziwa limeganda hata magari yanapita juu yake.
Navua vyangu, naoga, navaa koti la karatasi,
barakoa, glavu mbili mbili,
ndipo naingia kwa panya.

Kizimba cha kumi na saba: dume mweupe
kafumba jicho moja kama mlenga shabaha.
Chini ya taya, uvimbe laini,
utadhani kaficha mbaazi na hataki kugawa.
Kopeni, wekundu. Mgeni angesema damu.
Si damu. Ni rangi ya tezi iliyo nyuma ya jicho,
hutoka panya akiugua, au akionewa.

Matubwitubwi, nikasema kimoyomoyo,
ingawa ya panya ni virusi vyao, havina haja nasi.
Nilikuwa na miaka sita. Mama alinifunga skafu ya sufu
kutoka kidevuni hadi utosini,
fundo limesimama kama sikio la sungura,
na kaka yangu akanicheka
mpaka shingo yake nayo ikajaa.

Adhuhuri, vizimba tisa.
Jioni, ishirini na sita, na chafya,
chafya ndogo ndogo, kama mtu anachana risiti.

Daktari Tirkkonen akaja na kurunzi.
"Watapona. Siku kumi, hata dawa hawahitaji."
Kisha akanyamaza, kimya cha mwenye jedwali:
miezi kumi na minne ya kupima mate, tone kwa tone,
na sasa tezi zenyewe zimevuruga hesabu.
"Ijumaa," akasema.
Hakumaliza. Mtungi wa gesi uko nyuma ya mlango.

Akanipa fomu. Swali la sita:
*Katika wiki mbili zilizopita, umegusa panya
popote nje ya jengo hili?*

Jumapili, si hii, ile nyingine.
Veikka, mjukuu wangu, kanunuliwa panya wa kijivu,
kamwita Nappi, yaani kifungo.
Kaniingia kwenye mkono wa sweta,
kapiga chafya moja.
"Mafua tu, bibi."
Nikacheka.
Jumatatu bomba la bafuni lilikuwa limeganda.
Nilinawa mikono, basi. Mikono tu.

Visanduku viwili. Kalamu ya buluu.
Ng'ambo ya kioo, wa kumi na saba anakula,
anatafuna upande mmoja, polepole,
kama nilivyokuwa nikitafuna chini ya skafu.

Nimetia alama.
Wino umepenya hadi nyuma ya karatasi.
Leo ni Jumanne tu, na chupa arobaini
bado hazijajazwa maji.