Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nimekisoma siku tatu, Bi Sekela,
kitabu chako, humu jikoni kwangu Kihesa,
maharage yakiungua mara mbili.

Unasema mwaka wa sitini na mbili
ulipanda kilima na sanduku la bati,
mtoto mweusi wa kwanza bwenini,
na usiku ule vitanda vya kushoto na kulia
vikabaki vitupu:
walihamisha magodoro kimyakimya
kama watu wanaokwepa paa linalovuja.
Hapo nilikifunga. Nikaosha vyombo
ambavyo tayari vilikuwa safi.

Nimecheka pia. Ule uji wa shayiri
uliodhani ni gundi ya kubandikia picha!

Lakini ukurasa wa arobaini na moja
unasema: baridi ya Julai, dobi mmoja
akakuletea blanketi la pili.
Jina lake hukulijua.

Bi Sekela,
aliitwa Galus Lunyungu.
Miaka kumi na tisa alifua shuka za shule ile,
na sisi wanawe tulisoma Kitwiru,
wanne kwa kitabu kimoja,
wa pembeni akisoma nusu mstari.
Blanketi lile lilikatwa kwenye mshahara.
Mama alinung'unika mpaka Noeli.

Sikulaumu. Mtoto anayetetemeka
haulizi majina.
Ila nimeazima kalamu ya mjukuu,
wino wa kijani, ndio uliokuwapo,
na pembeni mwa ukurasa nimeliandika,
herufi kubwa.

Kesho nakirudisha maktaba.
Wakinitoza faini, nitalipa.