Funguo Arubaini na Moja

Bwana Lali hutunza nyumba za watu wasiokuwapo.
Ofisi yetu ni chumba kimoja Mkomani:
meza, feni, birika,
na ubao wa misumari arubaini na moja.

Yeye huzijua funguo kwa meno yake.
Hupitisha kidole gumba, akasema:
"Huu ghorofa ya Shela. Huu ghala la Langoni."
Nilipomuuliza, na siku usipokuwapo?
alinionyesha kile kidole,
kama kwamba ningeweza kukiazima.

Mwezi wa Rajabu akalazwa Mombasa kwa figo.
Siku ile ile mgeni akashuka na masanduku manne,
nami nikajaribu funguo kumi na saba mlango mmoja,
jua la saa saba limenikalia mgongoni.

Ndipo nikanunua mashine ya kuchapa lebo.
Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, ya karatasi ya joto:
haina wino, huunguza herufi tu.
Nilitamba nayo wiki tatu.
Ubao wetu unatazama dirisha.
NYUMBA YA DAKTARI ikawa UMBA YA DAK,
kisha weupe mtupu.
Kilichoandikwa kwa moto, moto ulikirudia.

Ya pili niliifuata Malindi, kwa Bwana Hirji.
"Usiulize bei ya mashine," akasema, "uliza ya utepe.
Mashine ni mahari;
utepe ndio matumizi ya nyumba."
Akachukua kipande chenye ngozi ya plastiki,
akakisugua kwa mate, kwa mafuta ya taa, kwa ukucha.
Herufi hazikutikisika.

Nimeshaijua tabia yake.
Hutema sentimita mbili tupu kabla ya neno la kwanza,
kama shahidi anayekohoa mbele ya kadhi;
basi siandiki jina moja moja,
nachapa sita kwa mkupuo, nakata kwa mkasi.
Betri zikilegea, herufi hutoka zimekatika miguu.

Bwana Lali akarudi, kofia imemzidi kichwa.
Akasimama mbele ya ubao.
GHALA, LANGONI, MLANGO WA NYUMA.
GHOROFA YA SHELA, JUU.
Akasoma polepole, mpaka msumari wa mwisho.
Nikangoja sifa.

"Salwa," akasema,
"mwizi akiupata ubao huu, atahitaji nini tena?
Chai?"

Tukazibandua zote kwa mafuta ya nazi, jioni nzima.
Gundi nzuri hushika kama deni.
"Mimi siyui mashine," akanambia,
"lakini ikiweza kusema, na iweze kunyamaza."

Tukapanga upya, kwa majina ya samaki.
Nyumba ambayo mwenyewe haji, madirisha hayafunguki: PONO.
Ile ya ngazi nyembamba, unayopanda kwa ubavu:
GAYOGAYO, ingawa ilikula utepe.
Mpangaji wa kuvutwa mkono kwa mkono ndipo alipe: PWEZA.
Na yule mwenye nyumba anayefura
kila bomba linapovuja tone:
BUNJU.
Tulicheka mpaka feni ikazimika na umeme.

Daftari la maana hatukuliandika.
Lebo nabandika kichwani mwa ufunguo tu;
meno nayaacha wazi, kidole chake kipite.

Jana Bunju mwenyewe alikuja, miwani ya jua usoni.
Akaugeuza ufunguo wake, akaisoma lebo.
"Bunju ni nini?"
"Samaki, bwana."
"Mtamu?"

Nyuma yangu Bwana Lali akaanza kukohoa,
kikohozi kirefu, cha mtu mwenye afya yake.

"Humtegemea mpishi," nikasema,
nikamsogezea kitabu atie sahihi.