Kilomita Sifuri

Daktari alisema wiki nane, bega lisionje barabara.
Basi Kabange, mchomeleaji wa Katuba,
akaniundia kitanda cha chuma:
mabomba matatu, beringi za mkanda wa mgodi,
akainua gurudumu la nyuma, akalibana.
"Panda," akasema. "Kinga yako haitakutupa tena."

Nakanyaga. Ukutani kuna mjusi mmoja
na kalenda ya mwaka juzi, bado iko mwezi wa saba.
Nakanyaga. Jasho linadondoka palepale,
limechora kidimbwi chenye umbo la figo.
Ngoie anapita na sufuria ya bukari:
"Umefika Kipushi?"
Namwambia niko karibu.

Sitasema uongo, humu miguu imepata adabu.
Hakuna mteremko wa kunihurumia,
hakuna lori la shaba la kunitupa mtaroni,
wala askari wa kona anayeomba ya soda.
Dakika ishirini ni dakika ishirini,
moyo hauna pa kujificha.
Kule nje nilikuwa mvivu: upepo ukinisukuma mgongoni
nilijisifu mwenyewe.

Lakini kinga ni kitu cha kuegemea.
Kwenye kona ya Kasapa unailaza kidogo, inakubali,
unainyoosha, inakubali tena,
mnaelewana bila neno.
Humu imesimama wima kama shahidi mahakamani,
inajibu swali lilelile.

Alfajiri wauza makala wanapita nyuma ya ukuta.
Siwaoni. Nasikia spoku zinavyolia
chini ya magunia manne, na kikohozi,
na raba zinazokwaruza changarawe,
maana kinga ile haipandwi, inasukumwa
tangu msituni, tangu usiku.
Wakinikuta hapa watauliza: gunia liko wapi?
Unampelekea nani?
Nikakanyaga polepole mpaka wakapita.

Jana kuranti ilikatika, feni ikafa.
Nikaendelea gizani, sijui kwa nini.
Mvua ya kwanza ikagonga bati, tone moja, matatu,
kisha yote kwa pamoja,
na harufu ya udongo mwekundu ikaingia chini ya mlango
bila kubisha.
Nikajikuta nainamisha bega, lilelile bovu,
nakata kona ambayo haikuwepo.

Likauma.
Mjusi akakimbia.