Ukwaju wa Senti Tano

Daftari la bibi Geok Neo halina gramu wala kikombe.
Kimalei cha penseli, herufi zimelala ubavu,
na doa la manjano limemeza nusu ya ukurasa:
Kuku mmoja. Mbegu za keluak, kadiri ya walaji.
Mchaichai. Khulinjani. Uduvi wa kupondwa, choma kwanza.
Ukwaju wa senti tano.

Senti tano za mwaka gani, bibi?
Leo hapa Melaka ikianguka
hakuna anayeinama.

Keluak nimeziloweka tangu Jumatatu,
maji nabadilisha asubuhi na jioni,
kwani mbegu hii hutoka mtini na sumu yake
na mwenye pupa imekwisha kumzika.
Siku ya sita nikazigonga utosini kwa mchi,
nikazichokonoa kwa ncha ya kijiko:
nyama nyeusi ti, kama lami,
na harufu, sijui niiite nini,
mvua iliyonyesha ndani ya kabati.

Ukabaki ukwaju.

Letchumi, mlango wa pili, akafumba ngumi:
"Hivi. Babu yangu ndiye aliyemuuzia,
na mizani yake, Mungu amsamehe, ilikuwa na kilema."
Tia Filomena akanionyesha kidole gumba.
"Hapa, usipite kucha. Tena mwambie,
ule aliotukopa hajaurudisha."
Nimwambie! Yuko ukutani, kwenye fremu,
chini ya maandishi ya Kichina
ambayo nyumba nzima hatujui tena kuyasoma.
Mak Rokiah alicheka mpaka miwani ikamtoka:
"Senti tano? Aliuokota bure uani kwangu!
Mti ulikatwa walipopanua barabara."

Nikarudi na madonge matatu yasiyofanana.
Nikatwanga, nikakaanga hadi mafuta yakajitenga,
jirani wa juu akafunga dirisha kwa ajili ya uduvi.
Ngumi nikaitia yote. Kidole nikakitia.
La tatu nikalishika, nikalirudisha kwenye karatasi.

Kaka yangu Kim Leong akaonja, akafinya jicho moja.
"Mkali. Si kama wa bibi."
Akasema hivyo akiifyonza mbegu ya nne,
mchuzi ukimtiririka hadi kiwiko,
na sufuria ameivutia upande wake.

Usiku nimechonga penseli.
Kando ya senti tano nimeandika:
ngumi ya Letchumi,
lakini asikaze sana.