Tufaha Liko Mezani

Felismina alitoka Beira na sanduku moja
na kamusi iliyofungwa kwa mpira wa soksi.
Miezi mitano, alisema, chuo cha hapo Ligula
kitamfanya mwalimu wa Kiingereza,
halafu huyoo, kokote watakakomwita.
Kireno alikuwa nacho cha kuzaliwa,
Kiswahili alikiokota njiani, bado kina mchanga:
"Mama Somoe, nipe mng'oko huyu mkubwa."
Huyu! Kama vile mng'oko una kwao na shangazi.
Huu, mwanangu. Huu mng'oko, hii ming'oko.
Akaandika kiganjani.

Jioni ya kwanza aliula na ganda lake.
Sikumzuia. Nilitaka kuona uso.
Alitafuna vile vinyweleo vya mzizi
kwa adabu ya mgeni, machozi yakimlengalenga,
mpaka Chande wangu akaangua kicheko.
Ndipo nikamwonyesha: bana hapa kwa kidole gumba,
vuta, ngozi iteleze kama soksi ya mtoto,
chovya kwenye chumvi na pilipili, usiogope.
Wa pili alikula amefumba macho.
Wa saba aliacha kuhesabu.

Toka hapo akawa analipa kwa masomo.
Alihitaji mtu wa kujaribia
kabla hajasimama mbele ya watoto sitini
na mkaguzi kule nyuma na kalamu yake nyekundu.
Basi mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi,
miaka hamsini na tatu, mkono mmoja kwenye mwiko.
Akabandika picha ukutani jikoni:
tunda jekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi.
"Rudia, Mama: tufaha liko mezani."
Nikarudia kwa hicho Kiingereza. Ulimi ukapiga mwereka.
Tufaha gani? Meza ipi? Mimi nina kigoda na ungo.
"Sema tu, Mama. Kitabu ndivyo kinavyotaka."
Nikasema, nikasema tena,
mbaazi za nazi zikashika.
Tulizila hivyohivyo na moshi wake,
kwa ugali wa muhogo, na yeye akakwangua ukoko
akiapa kwamba kwao ukoko watu hununiana.

Mabibo yakaingia.
Chande akaleta ndoo kutoka Naliendele.
Felismina akang'ata moja, jekundu, limeiva hasa,
maji yakamchuruzikia blauzi ya mazoezi,
ile nyeupe, ile ya pekee.
Doa la bibo halitoki, nani asiyejua?
Yeye.
Kesho yake alikwenda nalo darasani kifuani
kama nishani ya vita.

Akarudi saa nane, hasemi.
Nikampakulia pweza. Akala nusu.
"Niliwaonyesha picha, Mama.
Wakajibu wote kwa pamoja: bibo!
Nikasema hapana, tufaha. Wakasema: bibo!
Katoto kamoja kakainuka
kakaninyooshea kidole kwenye blauzi."
Mkaguzi aliandika nini, sikuuliza.
Hakuniambia. Hadi leo.

Aliondoka Jumatano na basi la alfajiri,
kazi kapata Angola, shule ambayo jina lake
nililishika hadi kona ya Chikongola likaniponyoka.
Nilimfungia korosho kilo mbili, nimebangua mwenyewe,
akataka na ming'oko. Haitafika, nikamwambia, itaoza.
Najua, akasema, akaisukumia chini ya kamusi.

Juzi amesimama mgeni mmoja hapa kwangu,
ndevu za rangi ya mahindi,
anaashiria sufuria, maneno hana.
Nikafuta mikono kwenye kanga,
nikasimama wima kama nilivyofundishwa,
nikamtolea Kiingereza changu chote:
tufaha liko mezani.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akainama, kwa heshima kabisa,
akachungulia chini ya kigoda.
Nikamwekea mng'oko kiganjani.
Akauma na ganda lake.
Sikumzuia.