Nani Anaanua Nguo

Zoila anashika shuka upande wake, mimi upande wangu,
tunakutana katikati, kona kwa kona,
kama watu wanaosalimiana kila baada ya dakika
tangu saa kumi na mbili jioni.
Mashuka ya hospitali. Bado ya moto, yananuka pasi
na dawa ambayo haijapata kutoka.
Nje, Danbury imelala chini ya theluji ya juzi,
ile iliyokwisha kuwa ya kijivu, iliyoliwa na chumvi ya barabarani.

Msimamizi wetu, Gary, si mtu mbaya,
akapita na kikombe chake akituonea huruma:
nyie watu wa nchi za joto, mnaiwezaje baridi hii?
Zoila akanitazama. Nikamtazama.
Tukakunja shuka.

Alipokwenda, akasema
(Kiingereza chake na changu vina viraka, lakini havivuji):
joto gani? Nani kamwambia joto?
Kwetu Cuenca asubuhi unatoka na sweta,
saa nne unalivua, saa sita unatafuta kofia,
saa nane mvua ya mawe inashuka juu ya vigae
kama mtu amemwaga mahindi kwenye sinia,
saa kumi jua tena, jembamba, la kuomba radhi,
na usiku mablanketi matatu, na mtu, kama unaye.
Redio inatabiri, watu wanacheka.
Mama yangu hutazama mlima tu:
ukijitanda ukungu hadi mabegani, anaanua nguo.

Nikasema: Njombe.
Akasema: nini?

Nikamweleza ukungu wa Juni unaoingia darasani bila hodi,
mwalimu akiita majina ya watoto asiowaona.
Mapeasi yanayouma meno kabla meno hayajayauma.
Jiko la mkaa chini ya cherehani ya mama Tumaini,
na sisi tukijidai kuleta nguo za kushona.
Na alfajiri ile nyasi zilipoamka nyeupe,
baba akaingia, kiatu mguu mmoja,
akasema viazi vimeungua.

Nilisita hapo, nikidhani nitaulizwa
baridi inaunguzaje.
Hakuuliza. Kwao pia viazi huungua hivyohivyo;
mwaka mmoja viliungua vyote
na kaka yake akauza ng'ombe, akapanda ndege.

Basi tukawa wa nchi moja kwa muda wa matoroli matatu.

Ukuta huu wa matofali, akasema, ulikuwa wa kofia.
Mji mzima zamani ulikuwa wa kofia,
mpaka vichwa vya watu vikabadili mawazo.
Shangazi yake husuka kofia hadi leo,
kabla ya kucha, unyasi ukiwa laini kwa unyevu;
jua likikaza anaweka chini, maana utakatika.
Hata kofia, akasema, huiuliza hewa kwanza.

Saa nne usiku, mapumziko. Akatoa simu.
Ina miji miwili tu, ameiweka tangu afike:
Danbury, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Cuenca, kumi na mbili, mawingu mazito.
Akakunja uso. Zitalowa, akasema.
Nikauliza kwa mzaha kama mama yake amelala
na nguo ziko kambani.

Mama alikufa mwaka juzi, mwezi wa tatu.

Mashine ya tano ikalia, imemaliza.
Hakuna aliyeinuka.
Kisha akanipa simu: andika wa kwenu.
Nikaandika N, J, O, vidole vikiwa na vumbi la pamba,
na simu ikafikiri kidogo, ikaukuta mji,
huko ambako kulikuwa kunakucha.
Kumi na tano. Mvua.

Mvua, akasoma Zoila,
akageuka kutazama dirishani, haraka,
kana kwamba kuna mtu angeweza kukimbia.